Barua ya wazi kwa wamiliki wa kambi yetu ya RV (magari na trela za kuishi): semeni kama watoto wetu ni wapangaji au si wapangaji

Kwa wamiliki wa kambi, Meneja, na Kamati ya Wakazi,
Mashariki ya jiji la Phoenix, Arizona.

Waheshimiwa,

KUH: HADHI YA FAMILIA ZENYE WATOTO KATIKA KAMBI INAYOTANGAZWA KUWA YA WASTAAFU

Malalamiko yaliyomo katika barua hii si mapya kwenu. Yalifika kwanza kwa mdomo kwenye dirisha la ofisi, yakafuata kwa maandishi, kisha yakaletwa katika mkutano wa wakazi, ambako tulijibiwa kwamba hayamo katika ajenda. Nakala ya Kiingereza mmeshakabidhiwa. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu wengi wanaoguswa na jambo hili hapa Phoenix ni watu wa lugha hii: Wakenya na Watanzania waliokuja kwa kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee, na Wakongo na Warundi waliopokewa kama wakimbizi baada ya miaka mingi Nyarugusu, Kakuma na kwingineko. Wengi wao hutia saini mikataba ambayo hakuna aliyewasomea. Wengine wako mbioni kuhamia kambi za namna hii kwa kuwa wamesikia kwamba huku mtu haulizwi rekodi ya mikopo wala hadaiwi kipato kinachozidi kodi mara tatu, kama ilivyo desturi katika majengo mengi ya fleti.

Nianze na jambo ambalo hatubishani nalo. Wazee wana haki ya kuwa na mahali pao, na Arizona ndiyo iliyolea wazo hilo: mji wa Youngtown ulianzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya wastaafu, na Sun City ikafunguliwa jirani yake Januari 1960. Kila mwaka baridi inapoanza kaskazini, barabara zetu hujaa magari ya wazee yenye namba za Minnesota na Dakota Kaskazini, na za Alberta na Saskatchewan kule Kanada, na ifikapo Aprili wenyewe huanza kufunga virago kurudi kwao. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hakosei akitafuta utulivu, na sheria ya nchi hii imempa njia ya kuupata. Wala hatuhitaji kufundishwa kuwaheshimu wazee; wengi wetu tunaoishi hapa na watoto ndio tunaowaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani watu wa rika hilo hilo katika zamu za usiku, kisha tunarudi asubuhi kwenye trela zetu na kukuta karatasi ya onyo mlangoni kwa sababu mtoto ameacha baiskeli kando ya njia.

Tunachokikataa ni kupokewa kama wapangaji siku ya kulipa na kuhesabiwa kama wavamizi siku nyingine zote. Kodi yetu ndiyo inayojaza nafasi zenu kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wazee wengi hawapo. Hamwezi kuitegemea kodi hiyo huku mkidai kwamba watoto walioletwa na walipaji wake hawapo. Hoja zetu ni hizi.

1. Hatujui tunaishi katika kambi ya aina gani.

Bango la langoni linasema hii ni kambi ya "watu wazima". Matangazo yenu yanaitaja kuwa ya wastaafu. Mkataba hautaji umri popote. Meneja akiwa na nafasi tupu mwezi Mei humpangisha mama mwenye watoto watatu bila swali lolote. Novemba ikifika na wazee wamerudi, mama yuleyule hukumbushwa kwamba mahali hapa "si pa watoto".

Sheria haiendi kwa misimu. Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968 ilirekebishwa mwaka 1988, na tangu hapo ni kosa kumnyima mtu makazi, au kumwekea masharti tofauti, kwa sababu anaishi na mtoto aliye chini ya miaka 18, au ni mjamzito, au yuko katika hatua za kupata haki ya kumlea mtoto. Makazi ya wazee yamesamehewa katika kifungu hicho, lakini msamaha huo una masharti. Ama kila mkazi awe na miaka 62 au zaidi, ama angalau asilimia 80 ya nafasi zinazokaliwa ziwe na mtu mmojawapo mwenye miaka 55 au zaidi. Njia hiyo ya pili ilirahisishwa na Sheria ya Makazi ya Wazee ya 1995, iliyoondoa sharti la kuwa na huduma maalumu kwa wazee, ila haikuondoa wajibu wa kuchapisha na kufuata kanuni zinazoonyesha nia ya kuwa makazi ya wenye miaka 55, wala wajibu wa kuthibitisha umri wa wakazi na kuhuisha kumbukumbu hizo angalau kila baada ya miaka miwili. Kanuni za Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo wengi wanaijua kama HUD, zinasema wazi kwamba maneno kama "makazi ya watu wazima" hayaonyeshi nia hiyo. Kwa hiyo bango lenu, lilivyo sasa, haliwasaidii hata ninyi wenyewe.

Kanuni hizo hizo zinasema kwamba muhtasari wa hesabu ya umri lazima uwe wazi kwa mtu yeyote anayeomba kuuona kwa taarifa ya kutosha. Tuliuomba. Hatukuonyeshwa, na hatukuambiwa kama upo.

Niwatendee haki katika hesabu. Nafasi ya mzee aliyekwenda kwao Minnesota kwa majira ya joto huhesabiwa kuwa inakaliwa, mradi aliishi humo katika mwaka uliopita na anakusudia kurudi. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nafasi zilizo tupu mwezi Julai ni ushahidi dhidi ya wamiliki, si ushahidi. Ushahidi ni karatasi, na karatasi hiyo ndiyo tunayoitaka.

2. Bwawa la kuogelea limefungwa kwa watoto katika saa ambazo lingewafaa.

Kanuni iliyobandikwa ukutani inawaruhusu watoto kuingia bwawani kuanzia saa sita mchana hadi saa nane. Asiyewahi kuishi Phoenix anaweza kuiona kanuni hii kuwa ya ukarimu. Mwaka 2023 jiji hili lilipitia siku 31 mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 43 za Selsiasi katika kilele chake cha mchana, na mwaka uliofuata likapitia siku 113 mfululizo za nyuzi karibu 38 au zaidi. Katika joto hilo saruji inayozunguka bwawa haikanyagiki bila viatu, na hakuna daktari wa watoto atakayekushauri umpeleke mtoto juani saa saba mchana. Saa zinazofaa ni za asubuhi kabla jua halijapanda, na za jioni baada ya kutua. Hizo ndizo saa za "watu wazima pekee".

Na hao watu wazima hawapo! Kuanzia Juni hadi Septemba bwawa hulala tupu jioni nzima, maji yakisafishwa na taa zikiwaka kwa gharama ambayo sisi tunaichangia katika kodi, ilhali watoto wamejifungia ndani ya trela zenye kuta nyembamba, ambamo kiyoyozi hunguruma usiku kucha na bado chumba cha nyuma hakipoi. Nimejaribu kutafuta ni nani anayefaidika na lango hilo kufungwa mwezi Julai, na sijampata. Shule za huku hufunguliwa mapema, nyingi mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo likizo yote ya watoto huangukia katika miezi hiyo ya joto kali na kwisha humo.

Kama kambi hii imetimiza masharti ya makazi ya wazee, kanuni hiyo ni ya kikatili lakini huenda ni halali. Kama haijatimiza, basi ni jambo jingine. Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho huko California, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Plaza Mobile Estates, ilizikataa kanuni za makazi ya trela zilizowabagua watoto katika matumizi ya bwawa na maeneo mengine ya pamoja, ingawa wamiliki walitaja usalama kuwa sababu. Hatupuuzi usalama. Watoto huzama, na Arizona inalijua hilo kwa uchungu. Kumtaka mtoto mdogo aingie majini akiwa na mtu mzima ni busara ambayo hakuna mzazi hapa ataipinga. Lakini saa za kufunga lango hazimlindi mtoto na maji. Zinamlinda mtu asiyetaka kumwona mtoto.

3. Mikataba inakatwa vipande ili tusifikie haki za mpangaji wa muda mrefu, na kila mtoto anatozwa ada.

Arizona ina sheria inayohusu upangaji wa muda mrefu wa nafasi za RV, nayo huanza kumlinda mpangaji anayekaa kwa mkataba wa zaidi ya siku 180 mfululizo. Wastaafu wenye nafasi za kudumu wanayo mikataba ya aina hiyo. Familia hupewa ya mwezi kwa mwezi, na siku zinapokaribia kutimia huambiwa zihamie nafasi nyingine, au zitoke kwa usiku mmoja kisha zirudi kama wageni wapya. Kung'oa trela ambayo imekaa miezi mitano ni kazi ya siku nzima: kufungua mabomba ya maji safi na maji taka, kukata umeme wakati wa joto, kukodi gari la kuivuta kwa asiyekuwa nalo, na kumweleza mtoto kwa nini marafiki zake sasa wako upande wa pili wa kambi. Anwani iliyoandikwa shuleni hubadilika, na barua za hospitali hupotea.

Juu ya hayo kuna ada ya "mtu wa ziada", ambayo hutozwa kwa kila mtoto na haitozwi kwa mke, mume, wala mgeni wa mstaafu anayekaa majira yote ya baridi. Umeme tunalipia kwa mita, kila mtu na wake. Kama ada hiyo ni ya maji na takataka, itozwe kwa kila kichwa bila kuuliza kichwa hicho kina miaka mingapi.

Hapa niseme na wazazi wenzangu kidogo. Sheria ya McKinney-Vento ya 1987 humhesabu mtoto anayeishi katika kambi ya trela kwa kukosa makazi mengine yanayofaa kuwa ni mtoto asiye na makao, na shule inalazimika kumwandikisha mara moja hata kama hana hati zote, na kumsaidia usafiri wa kubaki katika shule yake ya awali akihamishwa. Kila wilaya ya shule ina afisa wa jambo hili. Mwulizeni. Mtoto asikose darasa kwa sababu ya mkataba wa mwezi mmoja.

4. Kanuni za nje zimeandikwa kwa ajili ya watoto peke yao.

Hakuna baiskeli, lakini vigari vya gofu vinapita hadi usiku. Hakuna mpira hata katika uwanja wa changarawe ambao hautumiwi na mtu. Mtoto wa miaka 15 haruhusiwi kwenda chumba cha kufulia bila mzazi. Basi la shule halikaribishwi ndani ya lango, kwa hiyo watoto husubiri kando ya barabara kuu.

5. Wazee wanaolea wajukuu wanaumia pamoja nasi, tena kimyakimya.

Kuna bibi katika kambi hii, mzungu wa hapa hapa Marekani, anayemlea mjukuu wake kwa sababu ambazo si zangu kuzisimulia. Kila wakaguzi wa ofisi wanapopita, yeye humwingiza mtoto chumba cha nyuma. Ana umri wote ambao bango lenu linautaka, na bado anaishi kwa kujificha. Wako wengine kama yeye, na hawakuthubutu kuweka majina yao katika barua yetu ya kwanza.

Arizona imeshalipitia hili. Katika miaka ya 1990, Youngtown ile ile iliyojengwa kwa ajili ya wastaafu ilikataa kumruhusu kijana aishi na babu na bibi yake waliokuwa wakazi halali. Jambo hilo lilifika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na mwaka 1998 mji ukapoteza kizuizi chake cha umri. Leo Youngtown ina watoto, wala wazee hawakutoweka. Nawakumbusha Kamati ya Wakazi habari hiyo kwa sababu baadhi ya wajumbe wake walikuwepo Arizona wakati huo na wanaijua kuliko mimi.

6. Anayelalamika huonyeshwa mlango.

Familia zilizotia saini barua yetu ya mwanzo zilianza kupata maonyo kwa mambo ambayo hayakuwa makosa wiki iliyotangulia. Sheria ya makazi inakataza kumtisha au kumlipizia kisasi mtu anayedai haki yake. Na kwa kuwa imetokea kwamba waliopata maonyo mengi zaidi ni wanaozungumza Kiswahili, ni vyema mjue kwamba msamaha wa makazi ya wazee unahusu watoto tu. Haugusi rangi, asili ya taifa, wala dini.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu tumeshayasikia. La kwanza ni kwamba RV ni gari, si nyumba, na kwa hiyo sheria ya makazi haituhusu. Kwa msafiri anayelala usiku mmoja akielekea Grand Canyon, hoja hiyo ina nguvu. Lakini mahakama haziangalii magurudumu. Huangalia kama mtu anakaa kwa muda, na kama anapachukulia kuwa ndipo anaporudi. Trela ambayo matairi yake yamefunikwa kwa mbao yasipasuke juani, yenye sanduku la barua lenye namba na mtoto aliyeandikishwa shule kwa anwani hiyo, haiko safarini. Zaidi ya hayo, kama hapa si makazi, basi hamhitaji msamaha wa makazi ya wazee, na bango la langoni halina maana yoyote. Hamwezi kusimama pande zote mbili.

Jibu la pili ni bima. Mnasema kampuni ya bima haitaki watoto bwawani. Tuonyesheni kifungu hicho, nasi tutakijadili. Ila mkataba wenu na kampuni ya bima hauwezi kuwapa ruhusa ambayo sheria imewanyima.

La tatu ndilo linaloniumiza, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Mnasema wazee walilipia utulivu na wana haki ya kuupata. Walilipia, ndiyo. Aliyewauzia utulivu huo ndiye aliyetukodisha nafasi ya jirani siku iliyofuata, naye hakuwaambia wao wala hakutuambia sisi. Mzee anayekasirikia kelele za watoto na mzazi anayekasirikia hasira ya mzee wote wameuziwa kitu kimoja mara mbili, kama kiwanja chenye hati mbili. Ugomvi wetu haupaswi kuwa kati yetu.

La nne ni fupi: mkitaka, hameni. Tungekuwa na malipo ya awali ya fleti na rekodi ya mikopo inayokubalika, wengi wetu tusingekuwa hapa.

Tunaomba yafuatayo, na tunaomba kwa maandishi ndani ya siku 30. Tamkeni kama kambi hii ni ya wenye miaka 55 na kuendelea kwa mujibu wa sheria, na mtuonyeshe muhtasari wa hesabu ya umri pamoja na kanuni zilizochapishwa. Ikiwa si ya namna hiyo, ondoeni bango, futeni saa za watoto bwawani na ada ya kila mtoto, na mtupe mikataba ya aina ile ile wanayopewa wakazi wengine. Hata kabla ya kutoa tamko hilo, lango la bwawa lifunguliwe asubuhi na jioni kuanzia Juni hadi Septemba. Hili halihitaji wakili wala mkutano, linahitaji ufunguo. Maonyo yaliyotolewa baada ya barua yetu ya kwanza yafutwe. Na basi la shule liruhusiwe kugeuzia ndani ya lango.

Ninajua hatari ya ombi la kwanza. Jibu lake linaweza kututoa hapa. Ikiwa mtaonyesha kwa karatasi kwamba hii ni kambi halali ya wazee, sitawaita wabaguzi, wala sitamshauri mzazi yeyote ang'ang'anie. Lakini katika hali hiyo tutataka muda wa kuhama usiovunja mwaka wa shule wa watoto, kurejeshewa ada tulizotozwa kwa ajili ya watoto ambao mlijua kuwa hamkusudii kuwapokea, na ahadi kwamba Mei ijayo hamtampangisha tena mama mwenye watoto watatu.

Siku hizo zikipita bila jibu, tutapeleka malalamiko yetu HUD na katika Idara ya Haki za Kiraia iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu wa Arizona. Muda wa kulalamika HUD ni mwaka mmoja tangu tendo lenyewe, na kwa baadhi ya familia sehemu kubwa ya mwaka huo imeshapita tukisubiri kupangiwa nafasi katika ajenda. Tungependelea kuzungumza nanyi. Ukumbi wa kambi huwa hauna shughuli jioni za Jumapili, na sisi tusio na zamu tutakuwepo, pamoja na watoto, kwa kuwa hatuna wa kuwaachia.

Wenu kwa heshima,

Mzazi na mpangaji,
kwa niaba ya familia zenye watoto na wazee wanaolea wajukuu katika kambi hii.

Nakala: Kamati ya Wakazi; familia zote zinazoishi kambini.